Bila Kutia Mguu Chini

Kwenye kibanda cha Fundi, pale jirani na soko la Sumbawanga, mambo mawili yalisemwa kila wiki. La kwanza, tyubu yenye viraka sita bado ni tyubu. La pili, kwamba yeye Fundi, enzi za ujana wake, aliwahi kuupanda mlima wote wa Lyamba lya Mfipa, kutoka bonde la Rukwa mpaka huku juu uwandani, akiwa na gunia la mchele kwenye keria, bila kutia mguu chini hata mara moja. Lile la kwanza tulilikubali maana tyubu mpya tungenunua kwa pesa gani. Lile la pili hakuna aliyelikubali, na yeye hakuchoka kulisema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Mbeya, nikapangiwa kazi huku, nikaja na begi, godoro na baiskeli iliyokuwa inalia kama kifaranga. Siku ya kwanza nilipoipeleka kwa Fundi hakuigusa. Aliniambia niizungushe mbele ya kibanda, akafumba macho, akasikiliza.

"Umeanguka," akasema.

"Hapana, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Umeanguka, na umeangukia upande wa kushoto."

Ilikuwa kweli, nilianguka siku mbili kabla, mbele ya darasa zima la nne, na sikutaka ijulikane. Akaniambia neno ambalo baadaye nililisikia mara elfu: baiskeli haidanganyi, anayedanganya ni mwenye nayo. Tangu siku hiyo nikamwita Fundi, naye akaniita Mwalimu, na kwa miaka kumi na miwili majina hayo yametutosha.

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kuelekea nje, na sweta la sufi halikumtoka mwilini mwaka mzima. Mgeni wa Sumbawanga hucheka masweta ya watu wa hapa mpaka upepo wa Juni umkute stendi. Vidole vyake vilikuwa vinene, ungeapa haviwezi kushika spoku, lakini alizikaza moja moja akiongea siasa na hakukosea. Hakukubali uondoke na baiskeli yako kabla yeye mwenyewe hajaizungusha soko zima. Ukiwa na haraka, ndiyo kabisa, anazunguka mara mbili.

Wateja waongo aliwachukia. Mtu akisema tairi imepasuka yenyewe, Fundi huweka chini vifaa na kumtazama mpaka akiri kwamba alipakia watu watatu. Hapo ndipo penye kichekesho chake, na sisi tuliokaa pale kila Jumamosi tulikiona: mtu mkali kiasi hicho kwa uongo wa wenzake, halafu anakuja na hadithi ya gunia la mchele. Tulimwambia usoni. Vijana ndio walikuwa wabaya zaidi. "Fundi, mambo ya gunia vipi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Poa tu. Lilifika."

Mke wake, ninayemwita Mama, anauza maharage kwenye meza inayotazamana na kibanda. Yeye ni mtu wa Ilemba, amekulia bondeni, chini ya mlima wenyewe. Nikaona huyu ndiye shahidi. Siku moja nikamuuliza, "Mama, hebu tuambie, ni kweli alipanda bila kutia mguu chini?"

Mama alipima maharage ya mteja, akamwongezea kidogo juu, ndipo akanijibu. "Mimi nilikuwa nakaa chini ya mlima, mwanangu. Mtu akifika juu mimi simwoni."

Jibu hilo limeniburudisha miaka. Fundi lilimuuma. Nilimwona jinsi alivyokaza nati ile ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Siku za mvua, wateja wakiwa hawapo, nilimwonyesha kwenye simu yangu mashindano ya baiskeli ya Ulaya, wale wanaopanda milima mikubwa huku watu wamejaa kando wanawapigia kelele. Alitazama kwa makini sana, uso umekunjwa. Nikadhani amevutiwa.

"Huyu mbona hana mzigo?" akauliza.

"Hawabebi mzigo, Fundi. Wanashindana tu."

"Anapanda mlima mikono mitupu, halafu anapewa maua." Akanirudishia simu. "Na gia ngapi hizo?"

"Ishirini na kitu."

"Gia ni za watu wavivu." Lakini kesho yake aliniomba nimwonyeshe tena.

Lazima nieleze mlima ulivyokuwa, maana kijana wa leo anaupanda kwenye basi akiwa amesinzia. Zamani mchele wa bondeni ulikuja mjini kwa baiskeli. Mtu anafunga gunia kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, anainama, anasukuma kutwa. Kushuka nako kulikuwa na kazi yake: breki haziwezi, kwa hiyo unakata tawi kubwa, unalifunga nyuma, linaburuzwa na kukupunguza mwendo. Na kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ukimkuta mtu amekwama mlimani, unaweka mkono. Huulizi ni nani wala katoka wapi. Unaweka mkono kwenye mzigo wake, unasukuma naye mpaka kona inayofuata, kisha unarudi kwa mzigo wako. Asante haisemwi, kwa sababu pumzi ya kusemea haipo.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Fundi alinifundisha. "Ukiutazama utauona mwepesi. Kwa hiyo usiutazame. Usukume."

Nikamdaka hapo hapo. "Sasa Fundi, kama watu walikuwa wanasukuma, wewe ulikuwa umekaaje juu ya baiskeli?"

"Wengine walikuwa wanasukuma," akasema, na akaanza kutafuta kopo la gundi ambalo lilikuwa mkononi mwake.

Lami ilipofika mlimani, mwaka mmoja wakatangaza mashindano. Waendeshaji wa kulipwa, watu ambao kazi yao ndiyo hiyo, kutoka Arusha, Mwanza, Shinyanga, hata nje ya nchi, wangeanzia bondeni na kumalizia juu ya mlima. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na kibanda. Fundi alilisoma asubuhi, akalisoma mchana, jioni akalibandua, akalikunja na kulitia mfukoni.

"Mwalimu, Jumamosi ile una kazi?"

"Sina."

"Basi una kazi."

Akanieleza. Barabara ingefungwa saa nne asubuhi kwa ajili ya wale wakubwa. Kabla ya hapo ilikuwa ya kila mtu, na watu wangekuwa wameshajaa kando, kona zote. Alitaka kupanda mbele yao, kutoka chini mpaka juu, bila kutia mguu chini. Mama angesimama kwenye mstari wa kumalizia. Daktari alikuwa ameshamwambia habari za magoti yake, na Fundi alizipokea kifundi. "Magoti haya yamebakiwa na mlima mmoja," akasema. "Nataka niutumie pale."

Nikamwambia hahitaji kumthibitishia mtu. Akanijibu kwamba anayetaka kumthibitishia ni mmoja tu, na huyo anauza maharage.

Miezi miwili alifanya mazoezi kwa siri, siri ambayo mji mzima uliijua. Alfajiri alikuwa njia ya Kaengesa, anapigana na upepo, na watu wa misa ya kwanza walimpita wakimsalimia. Halafu nikakuta kitu kwenye baiskeli yake nyeusi. Nyuma amefunga gia, saba nzima, meno makubwa kama sahani.

"Fundi. Si za watu wavivu hizi?"

"Nilisema hivyo nikiwa kijana. Mzee ameruhusiwa uvivu."

Ijumaa tulishuka kwa lori, baiskeli juu ya magunia matupu, tukalala kwa shemeji yake. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukaanza. Niseme ukweli wangu mapema: mimi nilitia mguu chini kona ya pili, na sina aibu. Nikaendelea kwa kutembea, nasukuma baiskeli yangu, na sikuachwa hata kidogo, kwa kuwa Fundi naye juu ya baiskeli alikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwenda kisimani.

Tatizo la kwanza lilikuwa upendo wa watu. Walikuwa wamejaa kando, wamebeba watoto na chai kwenye chupa, na wakaona mzee anahangaika mlimani. Wangefanya nini? Wakaja kuweka mkono.

"Msiniguse," Fundi akasema.

Wakadhani hawajasikia vizuri. Mama mmoja akaweka mkono kwenye keria, Fundi akayumba kumkwepa nusura aingie mtaroni. Kukataa mkono kwenye mlima ule ni sawa na kukataa maji nyumbani kwa mtu. "Babu huyu ana dharau," yule mama akasema, na wenzake wakaafiki. Ikabidi mimi nyuma yake niwe naomba radhi kila hatua.

"Samahani mama, ana nadhiri."

"Nadhiri ya nini?"

"Ya kutoguswa."

Maneno yalitutangulia kwenda juu. Kufika kona ya sita watu walikuwa wanarudi nyuma kumpisha mzee mwenye nadhiri, na bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Fundi alifurahi, akadhani wanastaajabia mwendo wake.

Tatizo la pili lilikuwa ng'ombe. Mfugaji mmoja, Msukuma, alikuwa anavusha kundi lake barabara, ng'ombe wameziba kote, wala hawana haraka ya mtu.

"Subiri kidogo, mzee," akasema yule mfugaji.

"Siwezi kusubiri. Nitatia mguu chini."

Akaanza kuzunguka. Kwenye kipande cha lami chenye upana wa sebule, Fundi alizunguka, akazunguka, jasho linamtoka, huku ng'ombe wanapita mmoja mmoja na ndama mmoja amesimama kumtazama. Yule mfugaji alinisogelea, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ndugu, hayo ndiyo mashindano?"

"Ndiyo hayo."

"Sasa anaelekea upande gani?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye jiwe. Lakini kundi lile lilikula muda wetu. Saa nne ikatukuta bado tuna kona nyingi, na pikipiki ya waamuzi ikaja inatufokea tutoke barabarani. Fundi akasogea pembeni kabisa, kwenye changarawe, lakini hakushuka. "Nimetoka," akamwambia mwamuzi. "Huku si barabarani."

Baada ya hapo wakaja. Kwanza ulisikia kelele kutoka chini, kona kwa kona, kisha mlio wa cheni nyingi pamoja, na kabla hujajua uangalie wapi wamepita, wamekonda, wanang'aa, hawasemi. Fundi aligeuza shingo kuwafuata. Alikuwa anahema vibaya lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeko sikukuu.

"Hawana mzigo," akasema kwa shida.

Zikabaki kona mbili. Kutoka pale juu palionekana: mahema, bendera, na kwenye ukingo kanga nyekundu ya Mama. Nilimwonyesha. Nikaona anabadilisha gia na kukaa vizuri, na mimi mwenyewe, ambaye nilikuja kwa kucheka, moyo ulianza kunienda mbio. Nilitaka afike. Nilitaka vijana wote wa kibandani wafunge midomo.

Mbele yetu kulikuwa na mwendeshaji mmoja, wa mwisho kabisa, namba mgongoni. Alikuwa ameshuka. Msuli wa paja ulikuwa umekakamaa, ungeuona kwa macho, na kila akijaribu kupanda baiskeli mguu unakataa. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima yule, na nadhani hakujua. Watu wa kona ile walimtazama tu. Walikuwa wameshasikia habari za mzee mwenye nadhiri, hawakujua tena nani anaguswa na nani haguswi.

Nilimwona Fundi anamtazama. "Usishuke," nikamwambia. "Fundi, usishuke, wana gari lao linakuja."

Akampita. Alimpita kama hatua kumi hivi. Halafu nikasikia breki.

Akatia mguu wa kulia chini, kisha wa kushoto. Akalaza baiskeli yake kwenye majani taratibu, kama anavyoilaza ya mteja, akarudi chini kwa yule kijana, akamsaidia kukaa juu ya baiskeli, akaweka mkono mgongoni na kuanza kusukuma. Na watu walipoona hivyo wakaelewa kwamba ruhusa imetoka. Kina mama, wanaume, yule mama aliyesema babu ana dharau naye alikuwa amepanda mpaka pale, wote wakaingia barabarani, mikono ishirini juu ya mtu mmoja, na yule mwendeshaji akapanda kipande kile kwa kasi ambayo nadhani hajawahi kuwa nayo maishani, mpaka miguuni mwa mwamuzi aliyesimama na bendera kabla ya zile kona mbili.

"Nani kamsukuma huyu?" mwamuzi akauliza.

Wote wakanyoosha mikono. Walinyoosha kwa fahari, kama darasa langu ninapouliza nani kafanya kazi ya nyumbani.

Mwamuzi akamvua yule kijana namba yake. Akaeleza kwamba kusukumwa hakuruhusiwi na kwamba ameondolewa. Fundi alikuwa ndiyo anafika, mikono kiunoni, anahema.

"Sasa angefanyaje?" akauliza.

"Angeshindwa, mzee. Ndiyo sheria."

"Alikuwa ameshashindwa."

Fundi alikaa kwenye majani kando ya yule mwendeshaji. "Nisamehe baba," akamwambia. "Kwetu ni hivi. Nimekuharibia."

Yule kijana, wa Shinyanga, alijisugua paja muda mrefu. "Mzee, nilikuwa wa mwisho," akasema. "Ningefika wameshakunja mahema." Akaanza kucheka, Fundi naye akacheka, lakini mimi nilimfahamu Fundi, nikaona macho yake yako kwenye baiskeli yake pale kwenye majani.

Tukamalizia kona mbili kwa miguu, watu watatu tunasukuma baiskeli tatu tupu. Mama alikuwa amesimama pale pale. Alimwona mumewe anafika kwa miguu. Akafunua chungu: ugali wa ulezi na migebuka ya Kirando. Akampakulia mgeni kwanza, kisha mimi, na mumewe akampa kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Tangu siku ile Fundi hakusema tena habari za gunia la mchele. Tulidhani atarudi kuisema, tukasubiri. Vijana hawakumtania, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi ya utani. Kibanda kikawa na viraka tu, hadithi hakuna.

Mwaka huu magoti yamemshinda, kibanda amemwachia fundi mwingine. Juni hii, upepo ukiwa umeanza, nilimpelekea baiskeli yangu nyumbani kwake, maana huyo mpya hajui kusikiliza. Nilimkuta uani kwenye jua, miguu imefunikwa blanketi. Akaniambia niizungushe, akafumba macho. Nilipomaliza alikuwa bado amefumba.

"Mwalimu, ile ya gunia la mchele."

"Ndiyo, Fundi."

"Haikuwahi kutokea."

Nikaiegemeza baiskeli yangu ukutani.

"Hata mara moja. Gunia la mchele nani alipandishe pale amekaa? Tulisukuma wote. Nilikuwa namchumbia Mama, na kulikuwa na mwingine ana pikipiki. Nikasema lile neno, na neno likishatoka linataka kulishwa kila siku." Akafumbua macho. "Siku ya mashindano ndiyo ingekuwa ya kwanza. Nifike juu, Mama ananiona, niwe nimemwambia kweli japo kwa kuchelewa na bila gunia. Zilibaki kona mbili."

Nilitaka kumkasirikia. Miaka kumi na miwili! Badala yake nilikumbuka zile hatua kumi baada ya kumpita yule kijana, na sasa ndiyo nikajua alikuwa anapima nini ndani ya zile hatua.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Nilimwambia juzi. Kasema alikuwa akinitazama tangu enzi zile kutoka uani kwao, kila wiki, nasukuma mpaka napotea kwenye kona. Akaolewa na mimi hivyo hivyo."

Kutoka jikoni tulimsikia Mama anakohoa, kikohozi cha mtu asiyekohoa.

"Sasa watu wakiniuliza niseme nini?" nikasema. "Wananiuliza, Fundi. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Akavuta blanketi.

"Sema nilitia mguu chini. Kona mbili kabla ya juu, watu wamejaa, mchana kweupe. Sema hivyo kwa kila mtu."

Basi nasema. Alitia mguu chini, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Nilikuwepo, niliona.